Subira, na Punda wa Pemba ya Mikindani



Habari ya kufa kwa Subira ilitufikia tukiwa Mikindani, mbali na ghala letu na mbali na zizi lake. Tulikuwa tumekwenda Mtwara kwa shughuli ya chama, kutazama jinsi wenzetu wakulima wa korosho wanavyouza mazao yao kwa stakabadhi ghalani, mpango ulioanza mkoani humo mwaka 2007. Taarifa ya safari hiyo mtaisoma mahali pake, maana ina hesabu nyingi na Halmashauri imeitaka kwanza. Ukurasa huu tumeuomba kwa jambo jingine. Twajua wako watakaosema ya kwamba katibu hana kazi, ameacha bei ya karafuu anaandika tanzia ya punda. Na waseme. Wengi wao mizigo yao ilipita mgongoni mwake.

Siku hiyo kazi ilikwisha mapema. Mikindani ni mwendo mfupi kutoka mjini Mtwara, kiasi cha kilomita 10, nasi tukapanda daladala kwenda kuuona mji ule wa kale. Tuliona nyumba za mawe na milango ya nakshi, tukaliona boma walilolijenga Wadachi mwaka 1895, kisha tukashuka pwani tukakaa chini ya mkungu. Ghuba ya Mikindani imefumbatwa na nchi kavu hata maji yake hutulia kama ya birikani. Hapo simu ikalia. Alikuwa mlinzi wa ghala letu. Alisema, "Bwana Katibu, Subira hatunaye tena," akanyamaza, nasi tukanyamaza.

Karibu nasi alikuwapo mzee mmoja, mwenyeji wa pale, akishona wavu wake. Alitutazama akasema, "Pole, mwanangu. Umefiwa?"

Tulimwambia kwamba ni punda tu, punda wa chama. Tulitazamia atacheka. Hakucheka. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akauliza, "Kafa kwa siku zake, au kafa kwa mzigo?"

Tulimjibu kwamba alikuwa mkongwe. Jibu hilo lilikuwa la kweli, wala halikuwa jibu la swali lake.

Wanachama wapya walimkuta Subira akiwa na mwili mzuri na manyoya yanayong'aa, wakadhani ndivyo alivyozaliwa. Sivyo. Alikuwa punda kihongwe, jike, rangi ya majivu, mwenye ule mstari mweusi unaoshuka mgongoni na kukatizwa na mwingine mabegani. Tulimwona mara ya kwanza kando ya njia, amesimama juani, tandiko la gunia limegandamana na kidonda hata hujui wapi panakoma gunia na wapi panaanza ngozi. Kazi yake ilikuwa kuchukua mawe na chokaa. Kwato zilikuwa zimeota bila kuchongwa mpaka zimepinda kwenda juu kama omo ya jahazi, na mguu mmoja wa nyuma hakuweza kuukanyagia. Mwenyewe alikuwa amekwisha kumkatia tamaa. Alisema atamwacha papo hapo, kwa kuwa kumlisha ni gharama, na nyama yake si halali.

Mweka hazina wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mgumu wa fedha kupita wote tuliopata kufanya nao kazi. Risiti ya senti aliidai mara tatu. Lakini yeye ndiye aliyetoa noti ya kwanza, tena mfukoni mwake. Wengine tukaona haya tukafuata. Katika mkutano uliofuata palitokea maneno. Mwanachama mmoja alisimama akauliza kama hiki ni chama cha karafuu au ni chama cha punda. Mweka hazina akamjibu, "Ni chama cha wenye mizigo," na shauri likapita.

Karibu mwaka mzima hakutiwa mzigo. Bwana mifugo alikuja akachonga kwato na kumchoma sindano. Sisi tukaosha kidonda asubuhi na jioni kwa maji ya moto yenye chumvi. Alikuwa akisimama kimya huku ngozi yote ikimtetemeka, bila kuvuta kamba, na kwa ajili hiyo akaitwa Subira. Waswahili husema fadhila za punda ni mateke. Kwa miaka yote aliyokaa nasi alitupiga teke moja, na lile tulilistahili, maana tulimgusa kidonda kwa nyuma bila kumsemesha.

Alipopona akawa fundi. Mnajua jinsi mashamba yetu yalivyo, vilima na mabonde, na njia nyembamba zilizojaa mizizi ambako gari la ng'ombe halipiti. Subira alizijua zote. Msimu ulipochanganya alipakiwa karafuu mbichi huko shambani, akapigwa kofi dogo la kiunoni, akashuka peke yake mpaka sakafuni kwa kuanikia, akasimama mpaka ashushwe, akarudi. Hakupenda madaraja, kila penye gogo la kuvukia yeye alishuka mtoni. Na alikuwa na tabia moja mbaya, ya kufungua mlango wa ghala kwa mdomo na kula majamvi. Mweka hazina aliandika hasara ya majamvi 4 katika hesabu za mwaka, na mbele yake akaandika sababu: Subira.

Sasa turudi Mikindani, maana ndiko mawazo yetu yalikokwama jioni ile.

Sisi wa kisiwani tukisikia jina la Pemba twadhani ni letu peke yetu. Kumbe uko mji mkubwa wa Pemba kusini ya Mto Ruvuma, katika Msumbiji, uliokuwa ukiitwa Porto Amélia wakati wa Wareno. Na tena iko Pemba nyingine ndogo papo hapo katika ghuba ya Mikindani. Katika Pemba hiyo, tarehe 4 Aprili 1866, alikufa punda mmoja ambaye habari yake iliandikwa siku ile ile, na mpaka leo yasomeka. Aliyeiandika ni Dakta David Livingstone.

Mikindani ina nyumba yenye kibao cha kumkumbuka msafiri huyo, na wageni hupiga picha mbele yake. Habari za wanyama wake hakuna anayeziulizia. Nasi tuliwahi kuzisoma katika kitabu cha safari zake za mwisho, zamani tukiwa shule ya sekondari, tukapita juu juu kama wafanyavyo wanafunzi. Siku ile, simu ikiwa bado mkononi, zikaturudia moja moja.

Livingstone aliondoka Unguja tarehe 19 Machi 1866 katika manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin, naye Seyyid Majid akiwa ndiye mtawala. Alikuwa na watu 36: askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Nzuwani, vijana 9 waliosomeshwa Nasik huko Bara Hindi, wawili wa Shupanga katika bonde la Zambezi, na vijana wawili wa Kiyao, ambao mmoja wao ni Chuma. Jahazi lilichukua wanyama: ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama, nyumbu 2 na punda 4. Katika pwani ile lilikuwa kundi la ajabu, na kila mnyama alichaguliwa kwa sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Wakati ule mzigo wote wa bara ulikwenda juu ya kichwa cha binadamu, na pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa watu ambao wengi wao waliuzwa pamoja na pembe zenyewe. Livingstone alifikiri ya kwamba akipatikana mnyama wa kuchukua mzigo, biashara ya watumwa itapungua nguvu. Kizuizi kilikuwa mbung'o, inzi yule anayeua ng'ombe na farasi. Lakini nyati wa mwituni huishi kati ya mbung'o wala hafi. Je, nyati wa kufugwa wa Bara Hindi hawezi kuwa vivyo hivyo? Na ngamia je? Na nyumbu? Alikuja Ruvuma kujaribu, na fikira yake, ukiipima kwa elimu ya siku zile, haikuwa ya kipumbavu.

Kwanza walijaribu kushuka katika mdomo wa Ruvuma wenyewe, tarehe 22 na 23 Machi. Anayepajua mahali pale hatauliza kwa nini walishindwa. Ni mikoko na matope, na mto unamwaga maji yake kati ya mizizi. Siku hizi sehemu hiyo imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na mikoko hiyo hiyo sasa yahifadhiwa kwa sheria. Ngamia hawezi kushuka katika tope la mikoko. Basi wakarudi kaskazini kiasi cha maili 25 mpaka Mikindani, na tarehe 24 Machi wanyama wote wakashushwa salama. Livingstone akapanga nyumba kwa reale 4 kwa mwezi. Sisi makatibu hufurahi kuona mtu mkubwa akiandika kodi ya nyumba.

Siku ya kuanza safari, pale Pemba, nyati mmoja alimpiga pembe punda mmoja, akamjeruhi vibaya hata ikabidi apigwe risasi. Baada ya hapo ndipo wakamkata nyati yule ncha za pembe. Livingstone mwenyewe alijicheka katika maandishi yake, kwamba ni kama kufunga zizi mnyama akiisha kuibiwa. Kisha wakaendelea, na mbele kidogo ngamia wakazama mpaka matumboni katika ardhi iliyokuwa kavu juu na maji chini, wakavutwa kwa kamba. Hiyo ndiyo siku ya kwanza.

Kutoka pale walielekea kusini mpaka Ruvuma, wakaufuata mto kwa upande wa kaskazini. Vijana wa Kimakonde walikodiwa kufyeka njia, na Livingstone aliwasifu sana kwa ustadi wao wa kukata miti. Kwa mtu kupita, njia za msituni zilitosha, lakini ngamia na mzigo wake ni mrefu, akihitaji uwazi wa juu na wa pande zote mbili. Mbung'o walionekana mapema wakiwauma ngamia na nyati. Livingstone akawa akitazama kila siku kama wanakonda, kama macho yanavimba, kama manyoya yanasimama.

Wanyama wakaanza kufa. Na hapa ndipo penye jambo tulilotaka kuwaeleza, kwa sababu yule aliyekuja kujua kama mbung'o anaua hakuweza kujua. Askari wake waliwapakia ngamia kupita kiasi, wakaongeza juu ya mizigo ya safari vyombo vyao wenyewe wasivyotaka kuvichukua. Waliwapiga kwa magongo, wakawachoma kwa vijiti vyenye ncha. Wanyama walikuwa na vidonda vikubwa na uvimbe wa mapigo. Alipokufa ngamia, ni nani awezaye kusema ni inzi au ni gongo? Livingstone aliona hivyo mwenyewe, akaandika kwa uchungu kwamba jaribio lake limeharibiwa.

Lakini yeye alikuwa wapi? Mara nyingi alikuwa mbele. Alitangulia kutafuta njia na chakula, maana nchi ilikuwa na njaa, na wanyama walibaki nyuma mikononi mwa watu wasiowapenda. Alikemea, akasamehe, akatangulia tena. Hatumlaumu sana, anayeongoza safari ana mambo mengi. Lakini ngamia aliyekuwa maili tatu nyuma hakuwa na mtu wa kumsemea.

Kuna kisa kimoja ambacho kingechekesha kama kisingekuwa cha huzuni. Askari wale walimchinja ndama wa nyati, wakamla, wakaja kusema ameliwa na chui milia. Livingstone akawauliza: mliiona milia yake? Wote wakaapa kwamba waliiona wazi kabisa. Chui milia yuko kwao Bara Hindi. Katika Afrika nzima hayupo hata mmoja. Mwezi wa Julai 1866 aliwafukuza wakarudi pwani, na kundi lile la wanyama lilikuwa limekwisha kuteketea isipokuwa mabaki.

Elimu ya baadaye imetegua kitendawili chake. Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, tabibu David Bruce alionyesha kwamba mbung'o haui kwa sumu yake. Huchukua kijidudu kisichoonekana kwa jicho na kukitia katika damu ya mnyama. Nyati wa mwituni hukaa nacho bila kuugua, lakini nyati wa kufugwa wa Kihindi ni mnyama mwingine, hana kinga hiyo, basi tumaini la Livingstone lisingefaa hata kama askari wake wangekuwa malaika. Katika jamii hii farasi ndiye dhaifu. Kijidudu hicho humwua upesi. Tena upo ugonjwa mwingine wa farasi unaoletwa na visubi, nao pia huua farasi wengi, ambapo punda aghalabu haumdhuru. Ndiyo sababu pwani hii farasi wamekuwa vipando vya masultani na wakubwa, bali punda amekuwa wa kila mtu.

Kisiwa chetu cha Pemba, kwa bahati, hakina mbung'o. Ndugu zetu wa Unguja walikuwa nao, na namna walivyoondolewa yastahili kukumbukwa: mbung'o madume walikuzwa Tanga kwa mamilioni, wakahasiwa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, hata majike yakakosa kuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996.

Huko bara somo la Ruvuma lilirudiwa tena kwa ukubwa wa kutisha katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini waliteremka kutoka Moshi mpaka Kondoa Irangi, na farasi wao wakafa njiani kwa maradhi na kuchoka. Waliokuja baada yao wakafa vile vile, na nyumbu kadhalika. Septemba mwaka huo Waingereza walitia majeshi Mikindani, katika ghuba ile ile. Mizigo iliyowashinda wanyama ikahamia mabegani mwa watu. Wapagazi walichukuliwa kwa malaki, na makumi ya maelfu hawakurudi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni la kikosi chao, tena wengi wanaonunua mchicha pale hawajui. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Wadachi lilivuka Ruvuma penye Ngomano, makutano yale yale ya mito ambako Livingstone alifika na ngamia wake waliochoka mwezi wa Mei 1866.

Tumesema Chuma alikuwapo Mikindani siku wanyama walipotua. Susi, mmoja wa wale wawili wa Shupanga, naye alikuwapo. Miaka saba baadaye, Aprili 1873, wote wawili walikuwa bado na Livingstone katika vinamasi vya Bangweulu, nchi ambayo sasa ni Zambia. Mzee alikuwa mgonjwa, akitokwa na damu, na aliyembeba kila siku alikuwa punda. Tarehe 21 Aprili alijaribu kupanda mara ya mwisho, akaanguka, Chuma akamrudisha kijijini. Baada ya hapo alichukuliwa kwa machela, na mwanzoni mwa Mei akafa. Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wakaanza safari ndefu ya kuuleta pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Punda walimchukua pamoja nao. Hakuwa na bwana wa kumbeba tena, na kumvusha mito kulikuwa taabu, lakini hawakumwacha. Walipokwisha kuvuka Mto Luapula, simba aliingia usiku akamwua.

Vitabu vingi vya safari hiyo huhesabu watu na maili. Sisi twamfikiria Chuma, aliyeona punda wa kwanza akipigwa risasi pale Pemba na wa mwisho akiliwa na simba ng'ambo ya Luapula, na kati yao wote waliokufa kwa gongo. Alifia Unguja mwaka 1882. Laiti mtu angalimwuliza swali la yule mzee mshona wavu.

Siku hizi punda ana adui mwingine. Ngozi yake huchemshwa ikatolewa ulimbo wa kutengenezea dawa za Kichina, na kwa ajili yake punda wa Afrika wamechinjwa na kuibwa kwa wingi, hata mtu aliamka asubuhi akakuta kamba tupu. Februari 2024 Umoja wa Afrika, katika mkutano wa wakuu Addis Ababa, ulikubaliana kuzuia uchinjaji huo. Na kwa upande wa mema, tunayo Lamu. Tangu mwaka 1987 pale mjini kuna hospitali ya punda, iliyoanzishwa na Mwingereza Dakta Elisabeth Svendsen. Punda hutibiwa bila malipo, na hufanywa mashindano ambapo mwenye punda aliyetunzwa vizuri hupewa zawadi. Lamu mtu huonea fahari punda wake. Kwetu tukimwita mtu punda tumemtukana.

Nasi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba farasi, nyumbu na punda wametajwa katika Sura ya Nahl, kuwa ni vipando na pambo. Maalimu wetu alitusimulia pia habari ya ngamia aliyemlilia Mtume katika bustani ya mtu mmoja wa Madina, naye Mtume akamwita mwenyewe akamwambia kwamba mnyama huyu amenishitakia: wamweka na njaa, nawe wamchosha. Tukiwa watoto tulikipenda kisa kile kwa sababu ngamia alisema. Hatukufikiri juu ya yule mwenye ngamia, alivyosimama pale.

Basi na tuseme.

Msimu wa juzi ulikuwa mkubwa, wote mwakumbuka. Siku moja ya mwisho wa juma karafuu mbichi zilikuwa zimejazana kule shamba la bondeni, na mawingu yamekusanyika. Karafuu mbichi ikilala katika gunia huchacha na kuharibika. Hilo hatuna haja ya kumfundisha mwanachama. Kijana mchungaji wa Subira alituma mtu ofisini kuuliza afanyeje, maana safari zilizobaki ni nyingi na jua linashuka. Kipimo chetu cha Subira kilikuwa frasila 4, mbili kila upande wa shogi. Sisi tulikuwa mezani, tunajumlisha daftari ya wachumaji. Tuliandika katika kipande cha karatasi: "Pakieni mara mbili. Mvua yaja." Tukatia sahihi. Hatukuinuka kitini.

Alipakiwa frasila 8. Alipanda kilima cha kwanza. Katika kile cha pili, penye mizizi ya mwembe, mguu ule wa zamani ukateleza akaanguka chini ya mzigo, na kijana alikuwa peke yake, hakuweza kumfungua upesi. Karafuu zilifika, maana watu walikuja wakazichukua vichwani. Hazikuloa. Bei ilikuwa nzuri. Afe punda mzigo wa bwana ufike. Methali hii tumeisikia tangu utoto, wala hatukujua kwamba siku moja tutakuwa sisi ndio bwana.

Bwana mifugo alifanya awezayo. Subira alisimama tena, lakini hakuchukua mzigo baada ya siku ile, na kila masika mguu ulimzidi. Ofisini watu walisema ni uzee. Nasi tulisema ni uzee, kama wale askari walivyosema ni chui milia. Kijana mchungaji hakusema neno. Aliendelea kumletea majani, na kile kipande cha karatasi alikihifadhi. Tuliporudi kutoka Mtwara alituletea, hana hasira, amekikunja vizuri. Tumekitia katika jalada la ghala pamoja na hati nyingine.

Subira amezikwa nyuma ya sakafu ya kuanikia, upande wa minazi. Waliochimba ni wachumaji, hawakutaka ujira. Mlinzi anasema asubuhi ya kwanza watoto wawili walikuja na majani kama desturi yao, wakayaacha zizini wakaenda shule.

Halmashauri imeamua yafuatayo, nayo yataletwa mbele ya Mkutano Mkuu. Wako wanaotaka chama kinunue pikipiki ya magurudumu matatu badala ya punda mwingine. Kwa mashamba ya barabarani wana haki, nasi tutawaunga mkono. Kwa yale ya mabondeni pikipiki haitafika, na aliyejaribu anajua ilivyombidi kuitoa. Ikiwa atanunuliwa punda, atanunuliwa jozi, maana punda akikaa peke yake huwa mnyonge, na Subira alikaa peke yake muda mrefu mno. Kipimo kitabaki frasila 4. Mchungaji atakuwa na ruhusa ya kukataa mzigo, hata ukiwa na barua ya katibu. Jambo hili limo katika ajenda, namba 7. Mizani ya ghala imekwisha kuhamishwa, sasa iko mlangoni kwa zizi.